Jinsi ya kuandika manukuu ya Kiswahili kwa filamu ya mapenzi ya kiangazi: mwongozo kamili

Watu watano tulikaa chumbani kwa sahibu yangu Michenzani, Unguja, madirisha yamefungwa, kompyuta juu ya stuli, sahani ya kachori katikati. Filamu ilikuwa ya vijana wawili wa kiume, mmoja ana miaka 19 na mwenzake 22. Wamekutana likizo katika mji mdogo wa pwani huko Ulaya, wamependana, na kiangazi kinapokwisha mmoja anapanda treni anaondoka. Manukuu ya Kiswahili, yale maneno yanayopita chini ya picha, niliyaandika mimi, usiku kwa usiku, karibu mwezi mzima. Kwenye dakika ya hamsini hivi, wale vijana wakabusiana juu ya ukuta wa bandari. Mwenye chumba akaruka kitini: "Ngoja, ngoja! Hawa si ndugu hawa?"

Niliporudi kwangu nilihesabu. Nilikuwa nimeandika "kaka" mara 31. Kila walipoitana kwa majina, mimi nikaweka "kaka" ili wasionekane wanavunjiana heshima, maana ndivyo vijana tunavyozungumza barazani. Matokeo yake nimewafanya watoto wa tumbo moja, na busu lao nikaligeuza jambo ambalo mtungaji wa filamu hakulifikiria hata ndotoni.

Huu ni mwongozo wa kazi ile, niliyoirudia tangu mstari wa kwanza. Unafaa kwa filamu yoyote ya mapenzi, ila nimeuandika kwa zile za vijana wa jinsia moja wanaopenda kwa mara ya kwanza, kwa sababu humo ndimo lugha yetu inapomsaidia mfasiri kuliko lugha nyingi, na humo humo inapomtega.

Tazama kwanza, usiandike

Itazame filamu mara mbili bila kugusa kibodi. Mara ya pili shika daftari, uchore jedwali la watu: nani anamwita nani vipi, na tangu dakika ya ngapi. Kifaransa, Kitaliano na Kijerumani vina "wewe" mbili, moja ya heshima na moja ya mazoea. Wapenzi wanapohama kutoka ya kwanza kwenda ya pili, hilo ni tukio zima la filamu, ingawa kwenye picha hakuna kilichotokea. Liandike pembeni pamoja na dakika yake.

Andika pia ni nani anajua nini. Dada mtu amejua tangu dakika ya thelathini, mama anashuku, baba yumo tu anasoma gazeti. Kila mstari wao utaufasiri kwa kipimo hicho.

Na kama umepewa manukuu ya Kiingereza uyatumie kama msingi, lakini filamu ni ya Kifaransa, tafuta mtu anayejua Kifaransa akae nawe jioni moja. Kufasiri kutoka kwenye tafsiri ni kama kunywa chai iliyochujwa mara mbili kwa majani yale yale.

Faili na muda

Sehemu hii ni ya mafundi, nitaipita mbio. Pakua programu ya bure; mimi natumia Subtitle Edit, wengine wanapenda Aegisub. Faili la kawaida lina mwisho wa .srt, na kila nukuu ina namba, muda wa kuingia na kutoka, kisha maneno:

212
00:50:14,200 --> 00:50:16,900
Usiseme kitu.
Kaa tu.

Baada ya sekunde ni mkato, si nukta. Ukikosea hapo programu nyingine hazitalisoma faili. Hifadhi kwa usimbaji wa UTF-8, yaani namna kompyuta inavyohifadhi herufi, ili majina ya kigeni yenye alama juu ya herufi yasigeuke michoro ya ajabu. Hakikisha pia kasi ya picha ya faili lako ni ile ile ya filamu. Manukuu ya picha 25 kwa sekunde yakiwekwa kwenye filamu ya picha 23.976, au kinyume chake, mwanzoni hutaona kitu. Ukifika saa moja, maneno na midomo vimeachana kwa karibu dakika mbili na nusu. Programu ina sehemu ya kubadilisha kasi hiyo, usijitese kusogeza mstari mmoja mmoja.

Vipimo vinavyotumiwa na wengi ni hivi: mistari isizidi miwili, kila mstari usizidi herufi 42 pamoja na nafasi, na msomaji mtu mzima apewe herufi 17 kwa sekunde. Kwa Kiswahili mimi hushuka hadi 14. Watazamaji wetu wengi wamekulia kwenye filamu zinazosimuliwa na dije kwa sauti, si za kusoma, na neno moja la Kiswahili hubeba mzigo wa sentensi. "Nisingelikuambia" ni neno moja, lakini jicho linalipanda kama ngazi.

Kwa hiyo punguza. "Nilikuwa nimekusubiri tangu asubuhi" ni herufi 35, zinataka sekunde mbili na nusu. "Nakusubiri tangu asubuhi" ni 24, sekunde moja na robo tatu hivi, na ndivyo mtu anavyosema kweli anapomwona aliyemngoja. Ukikata mstari, kata penye pumzi. Usiache "wa" au "na" inaning'inia mwishoni:

Nilikuona jana na yule mtoto wa
mwenye duka.

Hivyo sivyo. Andika hivi:

Nilikuona jana
na yule mtoto wa mwenye duka.

"Yeye" hana jinsia, na hiyo ni mali

Kiingereza, Kifaransa na ndugu zao humlazimisha mtu ataje kila mara kama anayezungumziwa ni mwanamume au mwanamke. Sisi tunasema "amekuja", basi. Mtunzi wa filamu ya namna hii huhangaika na jambo hilo: kijana wake anataka kumweleza rafiki yake kwamba ana mtu anampenda, ila hataki kusema ni mwanamume. Basi anazungukazunguka, "mtu fulani", "huyo mtu", na wewe mtazamaji unasikia anavyokwama. Kwa Kiswahili hakwami. "Namfikiria usiku kucha" inatoka laini kabisa. Ukimwacha hivyo, umepoteza kule kukwama ambako ndiko kiini cha onyesho.

Dawa yake ni kuhamisha kigugumizi mahali pengine. Mwache akatize sentensi: "Kuna... yupo mtu." Au ajibu asichoulizwa. Usimbandikie neno "mwanamume" eti kwa uaminifu, maana yeye mwenyewe kalikwepa.

Kinyume chake ndicho kigumu zaidi. Kwenye filamu yangu, mama anamwona mwanawe hali chakula, anamuuliza huyo mtu anaitwa nani, na katika lugha yake anatumia kiwakilishi cha kike. Ameshaamua kwamba ni msichana. Kamera inakaa usoni mwa kijana kwa sekunde nne. Nikaandika "Anaitwa nani?" Sahihi kabisa kisarufi, na bure kabisa. Yule mama kwa Kiswahili akawa mama asiye na dhana yoyote, na zile sekunde nne zikawa kijana anatafuna tu.

Nilikaa na mstari ule siku mbili. Mwishowe nikajiuliza mama wa Kikwajuni angeuliza vipi. Angeuliza: "Binti wa nani huyo?" Herufi 19, dhana yote imo, na uzito wa ukoo juu yake. Kijana anajibu "Mtu tu." Sasa zile sekunde nne zinauma.

Kanuni niliyojiwekea ni hii: palipo na kiwakilishi cha kike au cha kiume, jiuliza kama kinafanya kazi. Mara tisa kati ya kumi hakifanyi, ni sarufi tu, kiache kife. Mara ya kumi kimebeba siri, uongo au kosa la mtu, na hapo lazima utafute neno la kukibeba: binti, kijana, mchumba, mtoto wa kike.

Mtego wa kuoa

Lugha yetu haitaji jinsia kwenye "yeye", ila inaitaja pale usipotarajia. Mwanamume anaoa, mwanamke anaolewa. Kijana akimwambia mwenziwe wa kiume, kwa mzaha wa usiku, kwamba angefunga naye ndoa, ukiandika "ningekuoa" umeshamfanya mmoja mume na mwingine mke, na mtazamaji ataanza kuwapangia vyeo visivyokuwemo. Andika "tungeoana". Kiambishi "-an-" kiliumbwa kwa kazi hii: wanapendana, wameachana, tulizoeana, wanangojana. Ukipekua filamu nzima na kugeuza vitenzi vya mmoja kumfanyia mwingine kuwa vya kufanyiana, penye haki ya kufanya hivyo, utaona wapenzi wanavyokaa sawa kwenye mizani.

Lakini si kila mahali. Filamu nyingi za aina hii zina mmoja anayependa zaidi. Huyo mwachie "nakungoja". Usimpe "tunangojana" ya kumliwaza.

Kuitana

Hapa ndipo nilipoanguka na "kaka" zangu 31, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Vijana wa kwetu hawaitani kwa majina matupu kama Wazungu. Kuna kaka, ndugu yangu, sheikh, bwana, mshikaji, sahibu, mwenzangu. Yote ni ya heshima au ya mzaha, na yote yana shida kwenye filamu ya mapenzi. "Kaka" na "ndugu" yanaingiza damu. "Sheikh" inachekesha mdomoni mwa kijana aliyevaa kaptula ya kukogea. "Mshikaji" ina harufu ya daladala. Majina matupu yanaonekana makavu, lakini baada ya kujaribu yote nimeridhika nayo: mtazamaji anajua hawa ni watu wa kwengine, atavumilia kusikia jina peke yake. Kule kuhama kutoka "wewe" ya heshima kwenda ya mazoea nako kunafasirika kwa njia hiyo hiyo. Mwanzo mdogo amwite mkubwa wake "Bwana" pamoja na jina, kisha siku moja "Bwana" ianguke. Usiirudishe tena, labda wakigombana.

Neno la thamani kuliko yote ni "mwenzangu". Mzee wa Unguja akisema "mwenzangu hajambo" anaweza kuwa anamtaja mkewe, au mshirika wake wa duka, au aliyekaa naye baraza moja miaka arubaini. Halidanganyi na halifichui. Mhusika anayemtambulisha mpenzi wake mezani mbele ya wakwe, na katika lugha yake anasema "rafiki yangu" huku sauti ikimtetemeka kidogo, kwa Kiswahili anaweza kusema "huyu mwenzangu", na kila aliyekaa pale mezani akasikia anachotaka kusikia. Sikatai kwamba "rafiki" nalo linafaa. Wanuri Kahiu alilifanya jina la filamu yake ya mwaka 2018 kuhusu wasichana wawili wa Nairobi, *Rafiki*. Ndiyo filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa kuonyeshwa Cannes. Kwao ilipigwa marufuku, kisha mahakama ikairuhusu kwa siku 7 tu mwezi wa Septemba mwaka ule, na kumbi zikajaa. Jina zima la filamu limesimama juu ya neno ambalo watu wa namna hiyo hulazimika kulitumia mbele za watu. Ukiikuta filamu inayocheza na neno hilo, usilibadilishe kuwa "mpenzi" kwa kujifanya unajua kuliko mhusika.

Na kuna "somo". Wengine wenu mtasema limezeeka, lakini Mji Mkongwe bado utalisikia. Somo ni mtu unayechangia naye jina. Somo pia ni msiri wako, na kwa wasichana ni yule anayewafunza mambo ya utu uzima. Maana hizi zote zinakaa kwenye neno moja, na filamu za ujana zote zimo humo ndani. Mwaka 2018 James Ivory alishinda Oscar kwa mswada wa filamu ambayo kwa Kiswahili ningeiita *Niite kwa Jina Lako*. Mashuhuri kwa jina lake la Kiingereza, *Call Me by Your Name*, ya Luca Guadagnino. Watu waliuliza sana wapenzi kupeana majina maana yake nini. Mswahili hana haja ya kuelezwa: wamekuwa masomo.

Kwa wazee mambo ni mepesi. Kijana wa Kitaliano akimsalimia mama wa mwenzake asubuhi, "Habari za asubuhi, mama" inatosha. Nilijaribu "Shikamoo", ikamhamisha kijana wa watu kutoka Ulaya hadi Makunduchi kwa neno moja.

"Nakupenda" haitoshi, na pengine inazidi

Kifaransa wana kichekesho: ukiongeza neno la "sana" au "vizuri" kwenye "nakupenda" yao, maana inapungua, inakuwa "nakupenda kama rafiki". Sisi "nakupenda" ni ya mama, ya mke, ya paka na ya mbunge wakati wa kampeni. Mhusika anayeogopa kulisema neno hilo saa moja na nusu, kisha akalisema, kwa Kiswahili anaweza kusikika kama anayeshukuru kwa kuazimwa baiskeli.

Panga ngazi kabla hujaanza. Yangu ilikuwa hivi, kutoka chini kwenda juu: nimekuzoea, umenikaa, nakuwaza, nakuhusudu, nakupenda, siwezi bila yako. "Nimekuzoea" wengi wanaidharau. Mtu akikwambia amekuzoea siku moja kabla ya safari yako, huo ni msiba. Niliitumia kwenye onyesho la mwisho la ukuta wa bandari, pale asili ilipokuwa na maneno ya kawaida tu ya "nitakukosa". Neno hilo la "kukosa" ni la kuogopa. Kwa Kiswahili kukosa ni kutopata kitu, au kufanya kosa. "Nitakukumbuka" ni salama, lakini imechakaa kwa kadi za harusi. "Nimekuzoea, mie" ndiyo iliyobaki.

"Nakutaka" tahadhari nayo. Kwetu ina joto la chumbani. Kama asili haina joto hilo, mhusika wako atakuwa amemrukia mwenzake wakati yeye alikuwa anamwomba wakae tu.

Ukikwama, sikiliza taarabu za zamani. Nadi Ikhwan Safaa wapo tangu 1905, na Siti binti Saad alirekodi sahani Bombay mwaka 1928, na karibu kila wimbo wa mapenzi humo unamwimbia mtu ambaye huwezi kujua ni nani: muhibu, laazizi, nuru ya macho, ua, ndege, tausi. Wanaume wameimba mashairi ya wanawake na wanawake ya wanaume, na hakuna aliyeona ajabu, kwa kuwa anayepigiwa wimbo hakutajwa jinsia. Usinakili maneno yao, kijana wa mwaka jana hasemi "laazizi". Chukua mbinu: kulizunguka jambo kwa kitu kilicho karibu, upepo, njaa, usingizi. "Tangu uje silali" ni bora kuliko sentensi tatu zenye "hisia" ndani yake. Neno "hisia" lenyewe nimeliondoa kwenye faili langu lote, na sijalikumbuka.

Matusi, na neno "shoga"

Mwanamke wa Unguja akimwita mwenzake "shoga yangu" anamwita rafiki yake wa karibu. Limekuwa hivyo kabla bibi zetu hawajazaliwa. Leo mtazamaji wa Bara, na vijana wengi wa hapa hapa, wakilisoma watafahamu mwanamume anayependa wanaume, na mara nyingi kwa kejeli. Kwa hiyo kwenye filamu ya wasichana wawili una neno ambalo kwa nusu ya wasomaji ni la kawaida na kwa nusu nyingine ni tangazo. Mimi silitumii katika manukuu, isipokuwa filamu yenyewe inacheza na utata kama huo. Nikitaka ukaribu wa kike naandika "mwaya", au "mwenzangu" tena.

Kwa tusi la kweli, lile analotupiwa kijana mlangoni mwa mkahawa, andika tusi la kweli. Hanithi, msenge, sote tunayajua, na sote tunajua yanavyopigwa. Wafasiri waoga huandika "mtu mbaya wewe", na mtazamaji anabaki haelewi kwa nini kijana amelia. Jambo moja tu: lisiwe kali kuliko la asili. Na tusi likae mdomoni mwa mwenye kutukana. Likivuja hadi kwenye mistari ya wengine, au kwenye maelezo yako mwenyewe, umeshachukua upande.

"Wapenzi wa jinsia moja" ni maneno ya ofisini, herufi 22, zaidi ya nusu ya mstari. Yanafaa daktari, mwalimu au mtangazaji wa habari ndani ya filamu. Kijana wa miaka 19 anayejieleza kwa baba yake hasemi hivyo. Anasema "Mimi niko hivi", au "Baba, mimi napenda wanaume", kisha anangoja.

Majira, treni na chakula

Kiangazi cha Ulaya ni Juni mpaka Agosti, miezi ambayo hapa ni kipupwe, kusi linavuma na watu wa Mkokotoni wanatafuta sweta. Mhusika akisema "ni Julai, joto hili!" wacha aseme, picha inaonyesha jasho. Neno "kiangazi" litumie mara moja mbili, kisha tumia "likizo", maana kwa mwanafunzi utamu wote uko kwenye skuli kufungwa, na uchungu wote kwenye kufunguliwa. "Likizo imekwisha" kila Mswahili anaihisi tumboni.

Usihamishe vitu. Zabibu zibaki zabibu, divai ibaki divai, na mkate wao mrefu usigeuzwe mofa. Treni nayo ibaki treni, ingawa sisi reli yetu ya Bububu ilikufa zamani, na kuagana kwetu ni bandarini, honi ya boti ya Dar au ya Pemba na mtu anapunga leso mpaka haonekani. Mtazamaji atafanya mwenyewe hesabu ya stesheni na bandari. Nilimwona mmoja akiifanya, akasema peke yake, polepole, "Kama Wete."

Kimya

Filamu hizi zina kimya kingi. Utashawishika kukijaza: pumzi, "hmm", "ah", maneno ya redio ya mbali. Acha. Wimbo unaosikika mkahawani ufasiri tu kama maneno yake yanamgusa mhusika, na ukiufasiri uandike kwa herufi za mlalo. Nukuu itoke mara tu neno linapokwisha kusomeka, isibaki kwenye uso wa mtu anayelia. Kwenye programu nasogeza muda wa kutoka mapema, hata nusu sekunde, ili uso ubaki peke yake.

Dije wa vibanda vya video, Mungu awape maisha, hawezi kimya. Ndio uhodari wake. Nilimsikia mmoja akisimulia onyesho la vijana wawili wanaagana stesheni bila kusema neno. Yeye akajaza: "Mdogo wangu, kasome kwa bidii, usisahau kumsalimia mama!" Watu walilia kwelikweli. Walilia kwa filamu nyingine.

Kujaribu

Ita watu wanne au watano unaowaamini, wasiojua lugha ya filamu. Mmoja awe wa Bara kama unampata, mmoja Mpemba, mmoja mtu mzima. Usiwaeleze hadithi. Kaa pembeni uangalie macho yao, si filamu: mahali wanapogeukiana kuulizana ndipo penye kosa lako. Andika dakika tu, usijitetee. Mwishoni uliza maswali matatu: hawa ni nani kwa nani, nani alijua kabla ya wengine, na yule aliyebaki alimwambia nini mwenzake mara ya mwisho. Wakijibu la kwanza kwa usahihi bila wewe kuandika popote neno "wapenzi", kazi imekaa. Kisha soma faili zima kwa sauti ukiwa peke yako. Sentensi inayokukwaza ulimi itamkwaza na msomaji jicho.

Ruhusa na usalama

Tafsiri ni haki ya mwenye filamu. Mwandikie msambazaji kabla hujaanza, hasa ukitaka manukuu yako yatumike hadharani. Matamasha ya nje na vyuo vikuu hununua kazi kama hii na huja na ruhusa yao. Kwa mambo ya hakimiliki hapa visiwani kuna COSOZA.

Kuonyesha mbele ya watu ni habari nyingine. Zanzibar filamu hupitia Baraza la Sanaa, Sensa, Filamu na Utamaduni, na Sheria ya Adhabu inaadhibu mahusiano ya jinsia moja. Mfasiri anayejua anakoishi hajifanyi hajui. Jaribio la watu watano chumbani lisipigwe picha, majina yao yasiandikwe kwenye faili wala kwenye simu, na asiyetaka kuja asisukumwe wala asiulizwe kwa nini. Kuna mtu anaweza kuitazama filamu hii kwa sababu ambazo hatakwambia, na si kazi yako kumuuliza.

Kabla ya kukabidhi, futa "kaka" zote zilizobaki. Programu ina kitufe cha kutafuta neno. Mimi nilikuta tatu zaidi. Mbili nilizifuta. Moja niliiacha, pale dada mtu anapomwita kaka yake wa kweli aje ale.

Nukuu ya mwisho kabisa, baada ya majina ya watengenezaji, ni ya mfasiri: "Manukuu ya Kiswahili", halafu jina. Sekunde tatu. Mimi huweka herufi mbili za mwanzo, bila jina la ukoo.